Makumbi ya Bi Mize

Afukiaye ndiye afukuaye.

Neno hili mmelisikia jana, wajukuu, shangazi yenu alipomjibu yule aliyemletea maneno ya watu, nanyi mkataka kujua ni nani aliyelisema mwanzo. Chanzo chake ni hiki. Kilianza katika nyumba ya mwanamke mmoja, kabla ya adhana ya alfajiri, kwa sauti ndogo ya kata ikigonga ukingo wa mtungi.

Ko. Kimya kidogo. Ko.

Mwanamke huyo aliitwa Mize, wa kijiji cha Mtepwe, upande wa mawioni wa kisiwa, ambako bahari hupwa ikaenda mbali hata watu waliomo huko ndani wakaonekana wadogo kama vifaranga. Mize alikuwa akichota maji ya kutawadhia. Kata ya kwanza aliimimina katika kopo lake. Ya pili aliimimina katika kopo jingine, akaliweka karibu na mlango wa uani, ndipo akakumbuka. Vuai, mumewe, alikuwa amekufa miezi minne iliyopita. Akayarudisha yale maji mtungini polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Na kesho yake akafanya vivyo hivyo. Mkono una mazoea yake, wajukuu. Habari za msiba huchelewa kuufikia.

Vuai alikuwa mchoma chokaa, mtu wa maneno machache. Mwenyezi Mungu hakuwajaalia mtoto. Walikuwa wawili, sasa amebaki mmoja, na nyumba ile ile ya vyumba viwili.

Kazi ya Mize ilikuwa makumbi. Nyinyi leo kamba mnainunua dukani, ya nailoni, ya rangi ya samawati, kwa hiyo kazi hii hamuijui. Wanawake wa Mtepwe walikusanya makumbi ya nazi, wakayapeleka pwani wakati wa maji kupwa, wakayafukia shimoni na kuyapanga mawe juu yake. Bahari ikija na kuondoka inayalainisha taratibu. Zikipita siku zake, yanafukuliwa, yanapondwa kwa gongo, maganda yanatoka, unabaki usumba mweupe wa kusokotea kamba. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake na alama yake ya mawe. Mwenzako anaweza kukukopesha gongo, anaweza kukushikia mtoto, lakini shimo lako hakutilii mkono. Hiyo ilikuwa desturi ya wanawake. Wanaume hawakuijua, kwa sababu hawakuwahi kuuliza.

Na shimo la Mize lilikuwa na tabia yake. Lilikuwa juu kidogo, maji hayakulifikia kila siku. Makumbi ya wenzake yalikuwa tayari kwa miezi sita. Ya kwake yalitaka tisa. Hakuambiwa na mtu. Alijua baada ya kupoteza makumbi ya misimu miwili, siku za ubichi wake, alipofukua kwa sababu wenzake wamefukua. Safari hii alikuwa amefukia mwezi mmoja kabla Vuai hajafa.

Alipomaliza eda, kaka yake alikuja. Aliitwa Shaame, mkubwa wake kwa miaka kumi, naye ndiye aliyemlea wazazi wao walipofariki. Alimbeba mgongoni kwenda chuoni kusoma Kurani siku za mvua asikanyage matope. Si mtu mbaya, msimhukumu mapema. Alikuja na mkewe, Riziki, wakakaa ukumbini, wakala kile kilichokuwapo.

"Mize," Shaame alisema, "nimekutafutia mtu. Mzee Usi, yule wa mashambani. Mfiwa kama wewe. Ana nyumba ya bati, ana ng'ombe wawili wa maziwa, na hana maneno."

"Simjui, kaka."

"Utamjua ukishaolewa. Mimi huyu Riziki nilimjua lini?"

"Na mpaka leo hajanijua," alisema Riziki, akaokota mwiba wa samaki sahanini.

Mize alicheka kidogo. Shaame hakucheka.

"Mwanamke peke yake ndani ya nyumba haipendezi. Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema tu. Si lazima waseme kitu."

Mize aliinama akakunja pindo la kanga yake. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa neno moja tu, *sitaki*. Hakumchukia Mzee Usi, hakuwa na sababu. Alitaka kubaki katika nyumba yake, asikie bahari yake, asokote kamba zake. Huko mashambani hakuna pwani. Unakwenda nusu siku hujaona hata tone la maji ya chumvi. Lakini mbele yake alikaa mtu aliyembeba mgongoni. Neno likagoma kutoka, likatoka jingine.

"Ningoje nifukue makumbi yangu kwanza, kaka."

Uso wa Shaame ukafunguka. "Basi! Hilo si neno. Ukishafukua tu, tunaozesha." Akatoka na furaha, na siku ile ile akampelekea Mzee Usi ahadi.

Hapo ndipo Mize alipokosea. Alijificha nyuma ya makumbi, na mtu akijificha nyuma ya kitu, wenzake watakuja kukiondoa kitu hicho wakidhani wanamsaidia.

Habari ilienea kijijini kabla ya jua kuchwa. Kila aliyepita mlangoni aliacha shauri. Mmoja alimwambia akubali upesi, wanaume wazee hawangoji. Mwingine alimwambia aombe ng'ombe mmoja awe mahari. Pwani, Bi Kazija, mwanamke mkubwa wa kicheko na mwenye shimo lililopakana na lake, alimpigia kigelegele mbele ya watu wote.

"Bibi harusi huyo! Utakwenda kunywa maziwa ya ng'ombe, utusahau sisi tunaonuka makumbi!"

Wote walicheka, na Mize alicheka nao. Halafu akarudi nyumbani, akafunga mlango, akakaa chini akitazama mikono yake. Watu wote walikuwa wamemshauri, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza. Hakujua kwamba mtu anaweza kuwa mpweke namna ile na huku ametoka kupigiwa vigelegele.

Mwezi wa sita wa makumbi ukafika. Bamvua likatoka kubwa, maji yakapwa mbali kuliko siku zote, na wanawake wa Mtepwe wakafukua mashimo yao. Shaame, akipita juu ya pwani, akaona shimo la dada yake bado limefunikwa mawe.

"Hana wa kumsaidia, maskini," alimwambia Riziki. "Mumewe ndiye aliyekuwa akimshikia mawe. Twende tukamfukulie."

"Shimo la mtu halifukuliwi," alisema Riziki.

"Mimi ni mtu? Mimi ni kaka yake."

Riziki alirudia mara ya pili, akanyamazishwa. Akachukua kikapu, akafuata.

Asubuhi hiyo Mize alikuwa kwa mamake Vuai, amempelekea uji, kwa sababu mguu wa yule bibi ulikuwa umevimba. Aliporudi kwa njia ya pwani aliona watu wamesimama penye mawe yake. Alidhani kuna aliyezama. Akakimbia, viatu mkononi.

Shaame alikuwa ndani ya shimo, matope hadi magotini, jasho linamtiririka, anatabasamu kama mtoto aliyefagia uani bila kutumwa.

"Mdogo wangu! Nimekurahisishia. Yote yametoka. Na Mzee Usi nimemwambia harusi Ijumaa."

Mize aliokota kumbi moja. Akalibonyeza kwa dole gumba. Halikubonyea. Lilikuwa jekundu, gumu, kama lililofukiwa juzi. Akaokota jingine, na jingine. Bi Kazija na wenzake waliacha kazi zao wakasogea, maana wao walijua wanachokitazama.

"Kaka," alisema Mize, "makumbi haya nani aliyafukia?"

"Swali gani hilo? Si wewe?"

"Na hiyo Ijumaa, nani aliyeisema?"

"Mimi. Uliniambia nikungoje ufukue makumbi. Haya, makumbi haya hapa."

Mize alishika lile kumbi kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kitu asianguke.

"Sikukwambia kweli, kaka. Nisamehe. Sikuwa nangoja makumbi. Nilikuwa naogopa kukwambia kwamba sitaki."

"Hutaki nini?"

"Kuolewa na Mzee Usi. Kuhama. Nataka kubaki kwangu."

Shaame alipanda kutoka shimoni. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Unanivunjia uso mbele ya watu, Mize?"

"Na wewe umenifukulia mbele ya watu."

"Mimi nimekulea!"

"Umenilea, na fadhila yako nitaingia nayo kaburini. Ukinituma maji nitaleta, ukiugua nitakuuguza. Lakini afukiaye ndiye afukuaye. Siku ya shimo hili naijua mimi. Na ya kwangu mimi mwenyewe, hata kama siijui, nitaitafuta mimi."

"Ukiumwa, nani atakupa maji?"

Mize alifikiri. Angeweza kutaja jina lolote ili ashinde maneno, lakini hakutaka kusema uongo mara ya pili.

"Sijui," alisema.

"Basi nami sijui," alisema Shaame. "Usinitumie mtu." Akaondoka na matope yake miguuni, Riziki nyuma yake, na watu wakatawanyika mmoja mmoja.

Mize aligeuka kuyatazama makumbi. Yaliyotolewa mwanzo yalikuwa yameanza kukauka kwa jua. Lakini mengi, zaidi ya nusu, yalikuwa yamerundikwa upande wa kivuli cha mwamba, yamefunikwa vizuri kwa mwani mbichi ili unyevu usitoke. Hiyo haikuwa kazi ya Shaame. Riziki alikatazwa kusema, hakukatazwa kufunika. Mize aliyarudisha shimoni moja moja, akapanga mawe, na maji yakamkuta kiunoni akiweka la mwisho.

Msidhani baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Mtu anayesema *sitaki* huambiwa habari za ushujaa. Habari za siku zinazofuata haambiwi. Shaame hakupita tena mlangoni. Walioacha mashauri waliacha pia kubisha hodi. Kukiwa na shughuli, Mize aliitwa mwisho, wakati wa kuosha vyombo. Na lile neno lake, alilolisema kwa khofu, watu waliliokota wakalifanya dhihaka. Akijitwisha kuni zikaanguka: "Afukiaye ndiye afukuaye!" Paa lake likivuja: "Afukiaye ndiye afukuaye, mwache apande mwenyewe!" Watoto walilitia mdundo wakaruka nalo kamba, na kamba yenyewe ameisokota yeye.

Siku moja kisimani ndoo yake ilichomoka ikazama. Bi Kazija akashika kiuno.

"Haya mwenzetu! Afukiaye ndiye afukuaye. Mfuate huko huko chini!"

Wanawake walicheka hata wakashikana mabega. Bi Kazija naye alicheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akaenda kwake, akarudi na kulabu ya kuopolea ndoo, akaiweka juu ya ukingo wa kisima, akaenda zake bila neno. Mize aliopoa ndoo yake. Akairudisha kulabu jioni, akaiegemeza mlangoni kwa Bi Kazija, naye bila neno. Wajukuu, watu ni hivyo. Ulimi unakwenda njia hii, mkono unakwenda njia ile. Ukiutazama ulimi peke yake utawachukia wote bure.

Wakati mgumu zaidi ulikuwa magharibi. Hapo ndipo Vuai alipokuwa akirudi na chokaa nyusini. Mize alipika chungu kidogo, akala kidogo, kingine kikalala. Alikuwa na khofu ya homa, khofu ya kuanguka uani asijulikane, khofu ya kuzeeka. Alasiri moja alivaa kanga zake njema, akashika njia ya kwa Shaame amwambie, basi kaka, nimekubali. Alifika mpaka penye mkwaju wa njia panda. Akasimama. Akajiuliza: nikifika, ninakwenda kuomba nini? Ninamtaka Mzee Usi? Akaona hamtaki. Alichokuwa akikitaka ni watu tu, mtu wa kumwambia kwamba leo maji yamekuja mapema. Akaona si haki kuolewa na mtu kwa ajili hiyo, si haki kwake wala kwa Mzee Usi. Akarudi. Alilia njiani, na hilo halikuibadili njia.

Mwezi wa tisa ukafika. Wengine walikuwa wamekwisha kusokota zamani; pwani hapakuwa na mtu wa kufukua ila yeye. Alitoa jiwe la kwanza. Harufu ikapanda, ile harufu ambayo mgeni huziba pua na mwenyewe hufurahi. Akabonyeza kumbi, dole gumba likazama kama katika ndizi iliyoiva. Siku ilikuwa ndiyo hiyo hiyo.

Alifukua asubuhi nzima. Alipomaliza, aliinua macho akaona bahari imegeuka, inarudi. Makumbi yalikuwa rundo kubwa, na rundo lililolowa ni zito. Kutoka pale hadi nchi kavu ilikuwa safari kumi na zaidi za mtu mmoja, na maji hayangemngojea hata safari tano. Alijitwisha kikapu cha kwanza. Aliporudi, mtu alikuwa amesimama nje ya mawe, amejifunga kanga kiunoni, kikapu mkononi. Alikuwa Riziki.

"Wifi," alisema Riziki, "kufukua sifukui. Neno lako nimelisikia. Lakini kubeba hukukataza."

Mize aliangaza juu ya pwani. "Kaka je?"

"Kaka yako amelala. Au amejifanya amelala. Akilala kweli hukoroma, na leo hakoromi."

Wakajitwisha. Katika safari ya tatu, Bi Kazija akawafuata akiburuta gunia.

"Mimi vilevile sifukui," alisema. "Msije mkasema nimefukua. Mimi napita tu, na gunia langu linapita." Akalijaza mpaka mdomoni.

Maji yalipofika penye mawe, shimo lilikuwa tupu.

Baada ya wiki moja Mize alikuwa uani akiponda makumbi kwa gongo. Usumba ulikuwa mrefu, mweupe, haujapata kutoka hivyo. Alisikia mtu anakohoa nje, kikohozi cha mtu asiye na kikohozi.

"Karibu, kaka," alisema bila kugeuka.

Shaame aliingia, akatazama huku na huku, akakaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Nimekuja kutaka kamba. Mbuzi wangu amekata ya zamani."

"Ngoja nikusokotee."

Akaanza kusokota, viganja vikisuguana. Shaame alikuwa akimtazama mikono.

"Nilikwenda kwa Mzee Usi," alisema mwishowe. "Niliona haya miezi mitatu, nikaenda. Nikamwambia, dada yangu hakutaka, kosa ni langu, sikumuuliza."

"Akasema nini?"

"Alicheka. Alicheka mpaka nikakasirika. Akaniambia hata yeye alitumwa na wanawe."

Mize aliacha kusokota. "Naye hakutaka?"

"Hakusema hakutaka. Alisema hakuulizwa."

Hapo Mize alicheka, kicheko cha kweli, na Shaame akajaribu kujizuia akashindwa. Walipotulia, Shaame alipangusa uso kwa kiganja, akauliza kwa sauti ya chini:

"Huogopi, Mize? Peke yako hapa?"

"Naogopa, kaka. Kila magharibi naogopa. Nilikuwa nikiogopa hata nilipokujibu kule pwani. Lakini khofu hii ni ya kwangu, naijua ilipo. Ile nyingine ningeibeba bila kujua nimetwishwa na nani."

Shaame alitikisa kichwa taratibu. Aliyatazama yale makumbi laini, akaokota moja, akalibonyeza kwa dole gumba kama alivyomwona dada yake akifanya siku ile. Lilizama.

"Miezi tisa," alisema. "Nami nilihesabu sita, kwa sababu watu wote walihesabu sita." Kisha akalisema lile neno, naye, ukimwacha Mize mwenyewe, ndiye mtu wa kwanza wa Mtepwe kulisema bila dhihaka: "Afukiaye ndiye afukuaye."

Akalirudia hivyo hivyo barazani, na tangu siku hiyo watu walianza kulisema alivyolisema yeye, mpaka likatufikia.

Kamba ilikuwa imekwisha. Shaame aliikunja begani, akaaga, akafika mlangoni. Mize alisimama uani na gongo lake. Miezi yote ile hakuwa amemwomba mtu kitu, na ilimwia vigumu kuanza.

"Kaka," aliita. "Njoo tena."

"Lini?"

"Siku yoyote. Njoo hata kama mbuzi hajakata kamba."